Shajara ya mradi: kijitabu cha kunukuu kwa Kiswahili

MWANZO WA SEMESTA

Mradi wenyewe mdogo tu ila una kelele nyingi. Tunataka kutoa kijitabu cha mazoezi, kurasa chache ambazo mwanachuo anaweza kuzitoa kopi pale stesheneri bila kuugusa sana mfuko, kinachomfundisha kunukuu na kueleza hoja ya mtu kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa matini za Kiswahili. Nasisitiza matini za Kiswahili kwa sababu miongozo ipo, tena minene, lakini inakufundisha koma ikae wapi na mwaka ukae wapi, alafu mifano yote ya Kiingereza. Dogo wa mwaka wa kwanza anatoka hapo anajua kuandika (Fulani, 2010, uk. 14) vizuri kabisa na bado ukisoma insha yake hujui nani anaongea. Aya inaanza yeye, katikati anaingia mtu mwingine na Kiswahili kizito cha kitabuni, mwisho anarudi yeye, na mabano yamebandikwa kwenye nukta ya mwisho kama stempu.

Tuko watatu, wote tunaendesha semina. Msimamo wangu nauandika hapa mapema ili wakija kunibishia wajue nilianzia wapi: mabano tutayafundisha mwisho. Kwanza mwanafunzi ajue hii sentensi ni sauti ya nani. Mwenzangu mmoja anaona nawachelewesha, anasema vijana wanakatwa maksi za marejeleo, hakuna anayekatwa maksi za sauti, na kwenye hilo la maksi yuko sahihi kabisa.

MATINI ZA KUANZIA

Tulitaka maandishi ambayo kila mtu anayapata bure kwenye simu na hayana fumbo. Tumechukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Azimio la Arusha, na utenzi mmoja wa zamani. Riwaya tumeziacha kwanza maana wakiona riwaya wanakimbilia kusimulia hadithi.

Katiba imetupa somo kabla hata hatujaanza. Kuna rasimu ya mfano ambayo mmoja wetu aliitoa kwenye insha za zamani, imeandikwa "tangu mwaka 1977 Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa maoni (JMT, 1977, ib. 18)". Mabano yamenyooka, ungempa tiki. Ila ibara za haki, kuanzia ya 12 mpaka ya 24, hazikuwemo kwenye Katiba ya 1977 ilipopitishwa, ziliingizwa na marekebisho ya 1984, na hiyo ya 18 yenyewe ikaja kuandikwa upya 2005. Kwaiyo mwaka ulioko kwenye mabano umemdanganya msomaji kuhusu historia ya nchi. Tumekubaliana kwenye kijitabu ukinukuu Katiba unataja ibara, kifungu kidogo na toleo uliloshika mkononi, na ukitaka kusema "tangu mwaka fulani" hapo unawajibika kwenda kuangalia hiyo ibara iliingia lini. Hii itakuwa kiboksi pembeni, sio zoezi.

WIKI YA ZOEZI LA KWANZA: VIRAKA

Tumewapa ibara ya 8(1)(a): "wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi kwa mujibu wa Katiba hii". Kazi ni moja tu, eleza kwa maneno yako.

Majibu mengi yamekuja hivi: "raia ndio chanzo cha nguvu zote, na Serikali itapokea uwezo na nguvu zake zote toka kwa raia kulingana na Katiba hii". Yani kila neno limetolewa limewekwa jirani yake. Mpangilio uleule, pumzi ileile, mpaka ile "hii" ya mwisho imebaki, kana kwamba Katiba ndo inaandika insha. Alafu kibaya zaidi matini imeharibika, mana "nguvu" sio "mamlaka" na mwanasheria akikuta "raia" pale penye "wananchi" anaanza kuuliza maswali. Umeazima kitu cha mtu na umekirudisha kimevunjika.

Sasa kuna jibu la dada mmoja anakaa nyuma kabisa, haongei sana. Nalinukuu kwa ruhusa yake, bila jina: "Ibara ya 8 haioni mamlaka kama kitu ambacho Serikali imezaliwa nacho. Ni mali ya wananchi tangu mwanzo, Serikali inakabidhiwa tu, tena kwa utaratibu ambao Katiba yenyewe imeuweka." Nikamuuliza umefanyaje. Anasema alimsomea mwenzie pale kwenye vimbweta, mwenzie akasema sijaelewa, akazima simu akaanza kumweleza, na yale aliyokuwa anaeleza ndo akayaandika. Basi hatukuhitaji nadharia nyingine. Kwenye kijitabu imeingia hivohivo: soma, funga, mweleze mtu, andika, alafu ndo ufungue kulinganisha. Hatua ya mwisho muhimu kuliko wanavyodhani, maana ukieleza kwa kichwa unaweza kumsingizia mwandishi jambo ambalo hakusema, na hapo mabano yako yanakuwa ushahidi wa uongo.

Uandishi huu wa viraka una historia yake. Rebecca Moore Howard, profesa wa uandishi kule Marekani, ndo aliupa jina miaka ya 1990 na akabishana sana na wenzake kwamba mara nyingi sio wizi, ni hatua ambayo mtu anapita akiwa anajifunza lugha ya taaluma mpya. Nakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Mtu wa mwaka wa kwanza hajui bado kuongea kisheria, anashikilia kamba ya sentensi ya mwenye kujua asije akaanguka. Ila hatua ni ya kupita. Mwaka wa tatu bado uko kwenye viraka, hapo umehamia.

BADO VIRAKA, ILA HII INASTAHILI SEHEMU YAKE

Hili la ngeli ndo limenifurahisha kuliko yote kwenye mradi mpaka sasa. Angalia 8(1)(d): "wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao kwa mujibu wa masharti ya Katiba hii". Kijana mmoja kaandika: "mwananchi atashiriki kwenye shughuli ya Serikali yake kulingana na sharti la Katiba hii".

Hebu hesabu maneno yaliyobaki kama yalivyokuwa. Shughuli, Serikali, Katiba hii, basi. Na amefanya nini? Ametoa wingi ameweka umoja, Kiswahili kikamaliza kazi iliyobaki, wa- ikawa a-, za ikawa ya, yao ikawa yake, masharti ya yakawa sharti la. Kwa Kiingereza ukigeuza wingi kuwa umoja sentensi kubwa inabaki ilivyo, kwetu ukigusa nomino moja upatanisho unaburuta sentensi nzima. Kwaiyo lugha yetu inakuruhusu kubadili karibu kila neno bila kubadili kitu chochote! Na programu ya kukagua mfanano inatafuta mfuatano wa maneno yanayofanana, hapa haikuti. Inampa kijana asilimia ndogo anaondoka kifua mbele.

Vilevile kutendwa na kutenda. "Serikali itapata madaraka" inakuwa "madaraka yatapatwa na Serikali", kwanza hakuna mtu anaongea hivo, pili hujaeleza kitu.

Kwenye kijitabu tumeweka zoezi la kuwapa viraka vya namna hii vitatu vinne na kuwauliza, je, huyu ameelewa? Onesha ni wapi unajua kwamba ameelewa. Hawawezi kuonesha, kwa sababu hakuna mahali. Swali la "je ni wizi" tumeliondoa kabisa kwenye zoezi, lilikuwa linawafanya wawe mahakimu badala ya wasomaji.

USEMI HALISI, USEMI WA TAARIFA

Hii nilikuwa naitegemea na imekuja kweli. Sisi wote tumepita kwenye yale maswali ya shule, Mwalimu alisema "Nitakuja kesho", geuza kuwa usemi wa taarifa, unaandika Mwalimu alisema kwamba angekuja siku iliyofuata, maksi mbili, asante. Sasa vijana wanakuja chuo na imani kwamba huko ndo kueleza kwa maneno yako.

Azimio la Arusha lina lile fungu ambalo hata asiyelisoma analijua, "Tumeonewa kiasi cha kutosha". Wakaandika, Azimio lilisema kwamba walikuwa wameonewa kiasi cha kutosha. Kidato cha pili hiyo ni sahihi kabisa. Kwenye insha ya chuo hayo bado ni maneno ya Azimio, umeyavua alama za nukuu na umeyarudisha nyuma wakati mmoja. Sarufi imehama, hoja haijaguswa.

Tukawaomba wasome na sentensi zinazofuata, pale Azimio linapoutaja unyonge kama chanzo, alafu waseme hoja ni nini. Hapo ndo zikaja sentensi kama: Azimio halilaumu wakoloni peke yao, linaona udhaifu wetu ndio ulioacha mlango wazi, kwaiyo mapinduzi linayoyataka ni ya kuondoa udhaifu huo. Hiyo sasa ni kazi ya mtu aliyesoma.

Ila na mimi nikawapinga kidogo palepale, maana kuna mmoja alishaanza kushangilia kwamba nukuu ni uvivu. Hapana. Lile fungu lina mdundo, tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa, na kila mara "kiasi cha kutosha" inarudi. Ukilieleza kwa maneno yako unabaki na habari tu, ule mpigo wa mkutano wa hadhara umekufa. Kama insha yako inazungumzia mtindo wa lugha ya siasa, nukuu, tena nukuu yote na uichambue. Kama insha yako inazungumzia sera ya kujitegemea, eleza. Swali ni unataka msomaji aone maneno au aone hoja. Hili walilielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

UGOMVI WA "KWAMBA" NA KIAMBISHI

Mchana mzima umekwenda hapa. Sentensi ni: Azimio linasema kwamba "tumeonewa kiasi cha kutosha". Ile tu- ni nani? Ukisoma kwa sauti inakuwa kama mwandishi wa insha naye ameonewa. Ukishaandika kwamba, msomaji anategemea usemi wa taarifa, alafu unampa usemi halisi.

Kwa Kiingereza wanatoa kiwakilishi wanaweka kingine kwenye mabano ya mraba, neno zima, safi. Sisi kiwakilishi kiko ndani ya tumbo la kitenzi. Itabidi uandike linasema wananchi "[wa]meonewa kiasi cha kutosha". Mwenzangu anasema ni kichefuchefu. Mimi naona ni uaminifu, umemwonesha msomaji hasa ulipogusa. Yule mwingine akasema mbona rahisi, toa kwamba, weka nukta mbili, acha maneno ya watu kama yalivyo. Azimio linasema: "Tumeonewa kiasi cha kutosha". Tumekubaliana nukta mbili ndo njia ya kwanza, mabano ya mraba ndani ya neno yanaruhusiwa pale sentensi inapolazimisha, na kama unahitaji kuyaweka mara mbili kwenye nukuu moja basi acha kunukuu, eleza.

NUKUU ZA KICHWANI

Zoezi fupi la kufurahisha. Nimeingia darasani nimewaambia andikeni bila kufungua simu ile kauli ya vitu vinne vya maendeleo na nani aliisema. Matokeo, wengine wanaanza na watu, wengine wanaanza na ardhi, wengine "ili tuendelee tunahitaji", wengine "twahitaji", siasa safi mara ya tatu mara ya pili, na karibu wote wameweka alama za nukuu na jina la Nyerere.

Mwalimu ndiye aliyekuwa nyuma ya Azimio, hilo hakuna ubishi, lakini kauli hiyo imo kwenye Azimio, na Azimio ni tamko la chama cha TANU la 1967, kwenye orodha ya marejeleo mwandishi wake ni chama. Alama za nukuu ni ahadi kwa msomaji kwamba akifungua ukurasa huo atakuta maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo. Huna ukurasa, huna alama za nukuu, sema tu kwamba katika siasa za Tanzania inatajwa mara nyingi kauli ya mahitaji manne ya maendeleo, utaje chanzo ulichoona. Kauli za viongozi ndo hatari kuliko zote kwa sababu kila mtu anazo kwenye masikio, na WhatsApp inazidi kuzipamba.

Palepale likaibuka la Shailoki. Kijana mmoja, insha yake ya tamthilia, kaandika "Nyerere anasema" alafu akaweka maneno ya Shailoki kutoka kwenye Mabepari wa Venisi. Darasa likacheka ila mimi nilimshukuru, maana hapa kuna tabaka tatu kwenye mstari mmoja. Anayesema ni Shailoki, mhusika. Aliyetunga ni Shakespeare. Aliyetia Kiswahili ni Nyerere, 1969. Ukiandika Nyerere anasema, umemfanya Mwalimu, mtu wa Ujamaa, awe ndo anadai ratili yake ya nyama! Tumeandika sentensi ya mfano: Shailoki anadai hivi na hivi (Shakespeare, tafs. Nyerere, 1969, uk. fulani). Kuanzia siku hiyo darasani ukimsikia mtu anasema "mwandishi anasema" kuna sauti nyuma inauliza mwandishi au Shailoki? Kijitabu kizima sikutegemea kitafanya kazi nzuri kama huo utani wao.

TAFSIRI, NA HAPA TULIGOMBANA KWELI

Hili ndo shimo kubwa kwenye idara za Kiswahili na hatulizungumzi. Vyanzo vingi vya isimu na nadharia ya fasihi viko kwa Kiingereza, insha inaandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anachukua aya, anatafsiri sentensi kwa sentensi, mwisho anaweka jina na mwaka. Wengine hata hilo jina hawaweki. Programu ya mfanano nayo mara nyingi haioni kitu, lugha nyingine hiyo.

Nilipowaambia kwamba hiyo aya bado ni ya mwenyewe, mmoja akaja juu, "Madam lakini maneno yote ni yangu, yeye hajaandika neno hata moja la Kiswahili!" Kabla sijajibu jirani yake akamwambia, na Shakespeare je? Kimya. Sikuongeza kitu.

Ila kwenye kikao chetu sisi watatu mambo hayakuwa rahisi hivo. Mwenzangu kaja na APA, ule mwongozo wa Kimarekani wa kuandika marejeleo, toleo la 7 lililotoka 2019, ambalo linasema ukitafsiri mwenyewe kipande cha mtu, tafsiri yako inahesabiwa ni kueleza kwa maneno yako, sio nukuu ya moja kwa moja, kwaiyo hauweki alama za nukuu. Sababu yao inaeleweka, kipande kimoja kinaweza kutafsiriwa kwa njia nyingi, huwezi kumwekea mtu mdomoni Kiswahili ambacho hakukisema. MLA, mwongozo mwingine wa marejeleo, wao wanaruhusu alama za nukuu na unaongeza kwamba tafsiri ni yako.

Mimi sikubaliani na APA kwenye hili kwa mazingira yetu. Kule wanafikiria mtu anayetafsiri mstari mmoja kwa bahati, hapa tuna mtu ambaye sura ya pili nzima ya tasnifu ni tafsiri. Ukimwambia hiyo ni kueleza kwa maneno yako umempa leseni. Tumezunguka mpaka chai imepoa, tukafika hapa: anayetumia APA afuate APA, hakuna alama za nukuu, lakini kwenye semina zetu tafsiri ya sentensi kwa sentensi lazima iwe na namba ya ukurasa na maneno "tafsiri yangu", isizidi sentensi mbili mfululizo, na baada yake mwanafunzi aongee mwenyewe, aseme hiyo hoja inamsaidia nini kwenye data yake ya Kiswahili. Sheria ya sentensi mbili ni yetu, haina kitabu, ila inalazimisha mtu aelewe.

UTENZI

Tuliuacha mwisho na tulifanya vizuri kuuacha. Utendi wa Mwanakupona, wa mwaka 1858, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, uliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu. Unaanza "Negema wangu binti". Zoezi ni kunukuu ubeti wa kwanza na kuueleza.

Mmoja akaandika ndani ya alama za nukuu "Sogea binti yangu". Anasema alirekebisha Kiswahili! Sasa mama wa watu ametunga kwa lahaja yake, wewe wa Dodoma unamsahihisha baada ya zaidi ya miaka 150. Ndani ya alama za nukuu haurekebishi kitu. Kama msomaji hatoelewa, weka mabano ya mraba, "Negema [sogea karibu] wangu binti", au eleza nje ya nukuu. Pia mishororo, ukiinukuu ndani ya aya yako unaitenganisha kwa mkwaju, ukiitoa chini inakaa kama ilivyo kwenye chapisho, usiunganishe ikawa sentensi, vina vyote vinapotea. Alafu tunataja namba ya ubeti kuliko ukurasa, kwa sababu machapisho ni mengi na kila moja lina kurasa zake, na kwa vile hati ya Kiarabu imehawilishwa, yani imehamishiwa kwenye herufi hizi za a, b, ch, na watu tofauti hata tahajia inapishana, lazima useme umetumia chapisho la nani.

MABANO, HATIMAYE

Haya, tumefika. Na kama nilivyosema, wakishajua sauti ya nani, mabano yamechukua muda mfupi sana. Uk. kwa ukurasa mmoja, kur. kwa kurasa, na wenzake kwa waandishi watatu na kuendelea, h.t. pasipo tarehe. "Keshatajwa" tumewaambia waikute kwenye vitabu vya zamani, wasiitumie, inamrudisha msomaji nyuma kutafuta. Majina yametusumbua kidogo, Shaaban Robert kila mtu anamwita Shaaban ila kwenye orodha anakaa kwenye R, na mtu kama Mwanakupona binti Mshamu hana jina la ukoo la kizungu kwaiyo usimkate, mwandike kama alivyo.

Kunukuu kupitia mtu mwingine tumekaza. Umekuta hoja ya Fulani wa 1978 ndani ya kitabu cha Mwingine wa 2005, andika (Fulani, 1978, katika Mwingine, 2005). Vijana wanaficha huyo wa katikati ili waonekane wamesoma kile cha zamani. Shida ni kwamba yule wa katikati akiwa alikosea ukurasa, na wewe utakosea palepale, na msimamizi anayejua atakukamata kwa kosa la mtu mwingine.

La nukuu ndefu limeleta jambo. APA wanasema nukuu ya maneno 40 au zaidi inatolewa kwenye aya inakaa peke yake. Sasa maneno 40 ya nani? Kiswahili "hawakutuambia" ni neno moja, Kiingereza ni matano. Maneno 40 ya Kiswahili ni fungu kubwa, linakaa ndani ya aya na kuimeza. Tumeacha 40 kama namba ya juu maana huko ndo wanakosahihishwa, ila tumependekeza nukuu ikizidi mistari mitatu itoe. Mwenzangu wa maksi amenikumbusha tuandike wazi kwamba hili ni pendekezo, sio APA, dogo asije akapigwa panga.

WIKI YA KUKUSANYA KAZI

Asilimia za mfanano zimetawala mazungumzo yote. Kila mtu anauliza asilimia ngapi inaruhusiwa. Turnitin, wenye programu ya kukagua mfanano, wenyewe wanasema ripoti yao inaonesha maandishi yanayofanana, sio hukumu ya wizi, uamuzi ni wa mwalimu. Insha yenye nukuu nyingi halali za Katiba itapanda asilimia, insha ya viraka vya ngeli au ya tafsiri itashuka. Tumeweka mifano miwili bega kwa bega kwenye kijitabu, ya asilimia kubwa na safi, ya asilimia ndogo na mbovu. Nadhani ndo ukurasa utakaopigwa picha sana.

Na akili mnemba imeingia, hatukuwa na mpango nayo. Orodha moja ya marejeleo ilikuwa nzuri kupita kiasi, majina ya Kiswahili, wachapaji, miaka, kila kitu. Tukamwomba mwenyewe atuletee vitabu viwili tu kutoka maktaba. Hakuna. Havipo maktaba, havipo popote, chatiboti ilivitunga. Hatukumwadhibu maana ilikuwa rasimu, tulimwambia aandike upya akitumia vile tu alivyovishika kwa mkono au kuvifungua mwenyewe kwenye skrini. Orodha imeshuka ikawa fupi sana na insha ikawa nzuri zaidi, ina kitu cha kusema. Kanuni imeingia kijitabuni kwa herufi nzito: hujafungua, hutaji.

ILIPO SASA

Rasimu ya pili iko kwa mwenzangu anapitia tahajia. Sehemu za Katiba, Azimio na tafsiri zimetulia. Utenzi unahitaji mtu wa Kiamu hasa, tumepata mwanafunzi mwenye ndugu Lamu atatusaidia kupitia maelezo ya maneno. Sehemu ambayo haipo kabisa ni mahojiano, bibi kijijini amekusimulia ngano au maana ya jina la mahali, unamnukuuje, jina lake unalitaja au unalificha, na lugha yake ya nyumbani kama sio Kiswahili inakuwaje na ile sheria yetu ya sentensi mbili. Mwenzangu anasema iwe kijitabu kingine. Mimi nataka iingie humuhumu kabla vijana hawajaenda fildi, kikao ni Alhamisi.